Je, roboti ya AI iandike kumbukumbu za vikao vyangu na wateja?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mshauri nasaha, na siku hizi wateja wangu wengi naonana nao kwa video. Nikimaliza vikao huwa nimechoka hata kalamu haishikiki, na kumbukumbu zinalundikana. Mwenzangu mmoja akanionyesha roboti ya AI inayoingia yenyewe kwenye mkutano, inasikiliza, kisha inakuletea muhtasari. Nimeijaribu kwenye vikao vitatu. Wateja wawili hawakusema kitu. Wa tatu aliiona kwenye orodha ya washiriki akauliza, "Huyu nani?", na baada ya hapo alinijibu kwa mkato mpaka muda ukaisha. Juzi tena mteja mwingine kaja na roboti yake mwenyewe. Je, niendelee nayo? Na hiyo ya mteja niifanyeje?

JIBU: Kwa haraka, mwenzangu: roboti hiyo isiingie kwenye kikao. Ikusaidie baada ya kikao, ukiwa umebaki peke yako, na namna ya kufanya hivyo nitaieleza. Ila kwanza tumjibu yule mteja wa tatu, maana swali lake bado linadai jibu.

Huyu nani? Jina aliloliona kwenye orodha ni la programu, lakini nyuma ya programu kuna kampuni. Sauti ya mteja haikomei masikioni mwako. Inapelekwa kwenye seva za kampuni hiyo, ambazo huenda ziko nchi nyingine kabisa, inageuzwa kuwa maandishi, kisha maandishi yanapitishwa kwenye modeli kubwa ya lugha, yaani mfumo wa AI unaosoma na kutunga maandishi, ambayo pengine ni ya kampuni ya pili yenye mkataba na ile ya kwanza. Modeli inatunga muhtasari. Sauti, maandishi na muhtasari vinahifadhiwa, na wewe unaletewa barua pepe. Kwa hiyo jibu la kweli lingekuwa: "Huyu ni kampuni fulani, pamoja na kampuni zinazofanya nayo kazi, na unayoniambia yatakaa kwao kwa muda ambao mimi mwenyewe sijausoma kwenye masharti." Litamke jibu hilo kwa sauti, uone kama wewe ungeendelea kusimulia habari za ndoa yako.

Zana hizi zipo za namna tatu na watu huzichanganya. Kuna inayojiunga kama mshiriki, kama hiyo yako. Kuna iliyojengwa ndani ya programu ya mkutano yenyewe, kama AI Companion ya Zoom, Copilot ya Microsoft Teams au Gemini ndani ya Google Meet; hiyo haikai kwenye orodha kama mtu, ila alama hujitokeza kwenye skrini. Halafu kuna inayokaa kwenye kompyuta ya mmoja wenu na kunasa sauti yote inayopita humo, upande wa pili usione chochote. Nimewasikia washauri wakiisifu hii ya mwisho kwamba "haimsumbui mteja". Kwangu mimi hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hiyohiyo: mteja asiyeona hawezi kuuliza. Tena kuna mahali ambapo kumrekodi mtu bila ridhaa yake ni jinai. California, kwa mfano, sheria inataka kila aliyemo kwenye mazungumzo ya siri akubali kurekodiwa.

Hiyo ya kwako ina hatari yake ya pekee, na iko kwenye mipangilio. Ukishaiunganisha na kalenda, nyingi za aina hii huwa tayari zimepangwa ziingie kila mkutano wenye kiungo cha video, na baadhi hutuma muhtasari kwa kila aliyealikwa. Chukua kikao cha mume na mke. Mke ameingia mapema, na katika dakika hizo chache kabla mwenzake hajajiunga amekuambia kwamba anafikiria kuondoka nyumbani, na hajamwambia mumewe. Kikao kinaendelea, mnaagana vizuri. Kabla hujafunga kompyuta, muhtasari umeshawafikia wote wawili, na mstari wa kwanza unasema: "Mke alieleza nia yake ya kuhama." Hakuna mdukuzi hapo, hakuna hitilafu, programu imefanya kazi iliyotengenezewa. Au chukua mfanyakazi ambaye mwajiri wake ndiye anayemlipia ushauri, na mwaliko wa kikao ulipitia ofisi ya rasilimali watu. Anwani ya ofisi hiyo imo kwenye mwaliko. Na jambo dogo ambalo wengi hawalijui: mteja akishaaga, roboti inaweza kubaki kwenye mkutano kwa muda kama hujaufunga. Wewe unampigia simu msimamizi wako kumweleza kilichokusumbua kwenye kikao, nayo inaandika.

Sasa ridhaa. Ule ujumbe wa "mkutano huu unaandikwa, ukibaki umekubali" unaweza kutosha kwa watu wanaopanga bajeti. Mteja aliyesubiri wiki nzima akuone, na ambaye machozi yanamlengalenga kabla hata kamera haijawaka, hana uhuru wa kweli wa kubonyeza kitufe cha kuondoka. Wewe ndiwe mwenye nguvu katika chumba kile hata kama hujihisi hivyo. Kwa hiyo wale wawili walionyamaza usiwahesabu kuwa walikubali. Huenda hawakuiona. Huenda waliiona wakaona haya kukuuliza.

Na hata mteja mwenyewe akikubali, wapo wanaotajwa ambao hawakuulizwa: dada yake anayeumwa, bosi wake, mtoto aliyeingia chumbani kuomba kitu katikati ya mazungumzo.

Sheria nazo zinaelekea huko. Taarifa za afya zinawekwa kwenye kundi la taarifa nyeti katika kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika 2018, na katika sheria za namna hiyo za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022. Jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria Agosti 2025 inayokataza AI kutoa tiba ya kisaikolojia yenyewe, na inayomtaka mtaalamu amjulishe mteja kwa maandishi na kupata ridhaa yake kabla ya kutumia AI kwenye kikao kinachorekodiwa au kuandikwa. Chama chako cha taaluma kinaweza kuwa na mwongozo mkali zaidi ya sheria. Usome huo kwanza, kwa sababu ndio utakaoulizwa siku mteja akilalamika.

Lakini hata sheria ingeruhusu kila kitu, bado ningekuambia usiiweke kikaoni, na sababu yangu kubwa ni ukimya.

Sisi tunajua kwamba sehemu nzito ya kikao huwa pale ambapo hakuna anayesema. Unauliza, "Ulijisikiaje alipoondoka?", mteja anaangalia pembeni, pumzi inasikika, nusu dakika inapita, na unajizuia kumsaidia. Mashine inayogeuza sauti kuwa maandishi haina namna ya kuandika hilo. Wakati mwingine inafanya jambo baya zaidi: inaujaza ukimya kwa maneno ambayo hayakusemwa. Watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha mwaka 2024 uchunguzi wao kuhusu Whisper, modeli ya kampuni ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo zana nyingi zimejengwa juu yake. Walikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyoandikwa vilikuwa na vifungu vizima vya kubuniwa, na kwamba asilimia 38 ya ubunifu huo ulikuwa na madhara ya wazi, kama kuingiza ukatili ambao hakuna aliyeutaja. Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wenye afasia (shida ya kuongea inayotokana na jeraha la ubongo), ambao usemi wao una vituo virefu. Modeli hizi zinaboreshwa, nakubali. Ila fikiria ni nani mwingine anayeongea kwa vituo virefu: mwenye huzuni, aliyedhulumiwa, anayetafuta ujasiri wa kusema jambo kwa mara ya kwanza. Yaani wateja wetu hasa.

Kwa Kiswahili mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu mashine hizi zimefunzwa kwa sauti chache mno za Kiswahili ukilinganisha na Kiingereza, na wateja wetu huchanganya lugha ndani ya sentensi moja bila kujua. Silabi moja ikisikika vibaya, "sitamwambia" inakuwa "nitamwambia". Na zana ikiwa inatoa muhtasari kwa Kiingereza, ambacho mara nyingi hulazimisha kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, basi "alinipiga" inaweza kupewa jinsia kwa kubahatisha. Mteja alikuwa anamzungumzia shangazi. Kumbukumbu inasema mwanamume. Wewe umechoka, unapitisha macho haraka, sentensi imepangika vizuri, unaihifadhi. Miezi minane baadaye mshauri mwingine anaipokea faili hiyo na kuiamini.

Halafu kuna wingi wenyewe. Kumbukumbu ya mshauri ni kazi ya kuchagua. Dakika hamsini za mazungumzo ni maelfu ya maneno. Wewe unaandika nusu ukurasa, na ulichokiacha umekiacha kwa makusudi. Hukuandika jina la mtu aliyetajwa. Hukuandika neno la hasira alilolisema mteja na kulirudisha papo hapo. Maandishi kamili hayaachi kitu, na mahakama ikiagiza kumbukumbu zitolewe katika kesi ya talaka au ya malezi ya watoto, kitakachotolewa ni kile kilichopo.

Kuhusu wizi wa taarifa, sitaki kukutisha, ila kisa cha Vastaamo kila mtu wa kazi yetu akijue. Kilikuwa kituo cha tiba ya kisaikolojia huko Ufini. Kumbukumbu za wagonjwa ziliibwa, na Oktoba 2020 watu walianza kupokea barua pepe za kudaiwa fedha, la sivyo siri zao zingeanikwa mtandaoni. Waathirika walikuwa zaidi ya 30,000. Kituo kilifilisika mwaka uliofuata. Na hizo zilikuwa kumbukumbu zilizoandikwa na wataalamu, zile fupi zetu, hazikuwa maandishi ya neno kwa neno wala sauti za watu wakilia.

Basi ufanyeje na uchovu wako? Maana uchovu huo ni wa kweli, na siwezi kukuambia tu "andika kwa mkono" nikaondoka.

Panga vikao vyako viache dakika kumi katikati. Mteja akishatoka, na mkutano ukiwa umefungwa kabisa, ongea wewe. Dakika tatu tu: alikuja na nini, nini kilibadilika, hatari gani uliiona au hukuiona, mmekubaliana nini, kikao kijacho unataka kurudi wapi. Usitaje jina; tumia namba ya faili. Usitaje mahali anapofanya kazi wala majina ya watoto wake. Sauti hiyo ni yako, ushuhuda ni wako, na umeshachagua cha kusema kabla mashine haijasikia chochote. Hapo ndipo AI inapofaa: igeuze maneno yako kuwa maandishi na iyapange kwenye vichwa unavyotumia. Ukiweza, tumia programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Whisper yenyewe, kwa mfano, imetolewa wazi tangu 2022 na inaweza kuendeshwa hivyo. Kisha soma ulichopata siku hiyohiyo, ukiwa bado unakumbuka, na urekebishe kabla ya kukiweka kwenye faili. Ukimaliza, futa sauti. Wengi waliozoea njia hii huniambia kwamba kuongea kwa sauti kunawafanya waone jambo walilolipita kikaoni, jambo ambalo muhtasari ulioletwa tayari usingewaonyesha kamwe.

Usije ukachukua maelezo ya mteja ukayabandika kwenye roboti ya bure ya kuchati ili ikupangie. Akaunti nyingi za bure, usipozima kipengele husika, huruhusu unachoandika kitumike kufunzia modeli.

Je, hakuna hali ambayo ningekubali zana iwe kikaoni? Ipo. Mteja asiyesikia vizuri anahitaji manukuu ya papo hapo kwenye skrini, na kumnyima kwa jina la usiri ni kumfungia mlango. Washa manukuu, zima uhifadhi wa maandishi. Hivyo ni vitu viwili tofauti kwenye mipangilio. Mteja aliyepata jeraha la ubongo na kusahau mliyoafikiana anaweza kuomba muhtasari wa kubaki nao, na ombi likitoka kwake mizani inabadilika. Hata hapo, mara nyingi mistari mitano unayomwandikia wewe mwishoni mwa kikao inamfaa kuliko kurasa za mashine.

Kama uko kwenye taasisi ambayo imeshaamua itatumia zana hiyo na huna sauti, dai vitu hivi kabla hujabonyeza chochote: mkataba wa maandishi unaosema kampuni haitatumia maneno ya wateja kufunzia modeli, muda ambao sauti na maandishi vitakaa, nchi vitakakohifadhiwa, kampuni nyingine zitakazovigusa, na namna ya kufuta kikao kimoja mteja akiomba. Marekani, mtoa huduma wa afya anayebanwa na HIPAA, sheria ya usiri wa taarifa za afya, hawezi kuipa kampuni ya zana kama hii taarifa za wagonjwa bila mkataba rasmi kati yao. Hata pasipo sheria kama hiyo, dai lenyewe ni la busara. Masharti ya mtandaoni peke yake usiyategemee, kwa kuwa hubadilika. Agosti 2023 Zoom ilikumbwa na kelele kubwa watumiaji walipogundua kwamba masharti yake mapya yalionekana kuruhusu maudhui yao kutumika kufunzia AI, ikalazimika kuyaandika upya na kutangaza kwamba haitafanya hivyo. Vilevile zima kipengele chochote kinachodai kupima hisia za mteja kwa sauti au uso. Hiyo kazi ni yako.

Na mteja aambiwe kabla ya siku ya kikao, kwa maandishi, kisha kwa mdomo, kwa maneno ya kawaida: "Nina programu inayosikiliza na kuandika tunayozungumza ili inisaidie na kumbukumbu. Sauti yako itakwenda kwa kampuni hii, itakaa siku kadhaa, kisha itafutwa. Ukisema hapana, huduma yangu kwako haibadiliki hata kidogo. Ukikubali leo unaweza kukataa kesho, au hata katikati ya sentensi." Nafasi za siku hizo na jina la kampuni lazima ujue kuzijaza. Ukishindwa, hiyo ni dalili kwamba hujawa tayari kuiwasha.

Sasa huyo aliyekuja na roboti yake. Usimfokee, na usiifukuze roboti kimyakimya kama vile hukuona. Muulize: "Naona kuna programu imeingia pamoja nawe. Unataka ikusaidie nini?" Nusu ya nyakati atashtuka, kwa sababu aliiunganisha na kalenda ya kazini akasahau; basi mwombe aitoe, mwambie pia akague kama muhtasari huenda kwa mtu mwingine ofisini. Akisema anasahau mnayozungumza, mpe ile mistari mitano. Akisema anataka ushahidi, basi hapo umepata mada ya kikao, maana mtu anayehitaji ushahidi dhidi yako au dhidi ya mwenzi wake anakuambia jambo kuhusu imani. Kwa siku zijazo washa chumba cha kusubiri ili mwenyeji ndiye anayeruhusu kila anayeingia, na uweke kwenye mkataba wenu wa mwanzo sentensi moja kwamba hakuna upande utakaorekodi bila wote kukubali. Ile ya aina ya tatu, inayojificha, huwezi kuigundua; usianze kuwapekua wateja. Mkataba na mazungumzo ya wazi ndivyo ulivyo navyo.

Vimebaki vile vikao vitatu ulivyokwisha kurekodi. Leo, ondoa ruhusa ya roboti kwenye kalenda yako. Kisha ingia kwenye akaunti yake, uangalie muhtasari ulitumwa kwa nani. Kabla ya kufuta, waeleze wateja hao kilichofanyika, maana mmoja wao anaweza kutaka nakala yake, na katika nchi zenye sheria za kulinda taarifa ana haki ya kuiomba. Wakishaamua, futa sauti, maandishi na muhtasari, futa tena kwenye pipa la taka la akaunti, futa barua pepe zilizokuletea, halafu iandikie kampuni kuomba uthibitisho kwamba nakala zao zimefutwa. Anza na yule wa tatu. Mpigie kabla ya kikao chenu kijacho.